Siku Mwamikazi Alipokataa Kuketi

Jumanne moja ilianza na kesi ya shamba la maharage. Ndugu wawili waligombania mpaka, na kila mmoja alikuja na jiwe lake kifuani akiapa kwamba ndilo la mpaka. Mwamikazi aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa nyumba ya baraza. Aliwauliza hali ya mama yao mgonjwa, kisha akawaambia warudi wakishakula.

Mwamikazi ndilo jina tulilomwita malkia kule kwetu, milimani mashariki mwa Kongo. Mumewe, mwami, yaani mfalme, alikuwa amefariki, na mtoto wao alikuwa bado darasa la pili, kwa hiyo mama alitawala badala yake. Mimi nilikuwa katekista, mwalimu wa dini kanisani, na pia katibu wa baraza. Desturi yetu ilikuwa kwamba hakuna anayeketi kabla yake, na mpaka aketi kwenye kiti chake, kikao hakijafunguliwa. Lililosemwa kabla ya hapo sikuliandika.

Wazee walinung'unika kwamba anachelewa mno kuketi. Siku hiyo nilimfikishia malalamiko yao.

“Mwalimu,” alinijibu, “neno nikilisema nimeketi, siwezi kulirudisha. Nikiwa nimesimama, bado nafikiri.”

Kwake yeye, kutawala kulikuwa kuwapa watu muda: wenye hasira wapoe, wenye hofu wapate njia. Mimi niliona ni uvivu uliopambwa kwa maneno.

Wiki iliyofuata, siku ya baraza, wenye silaha walifika. Kamanda wao alitaka vijana wote wa kilima wakawabebee mizigo na bunduki. Hakutaka kuwakimbiza porini. Alitaka baraza litoe amri yenye muhuri, ili wazazi wenyewe wawalete. Mwanangu Amani alikuwa na miaka kumi na saba.

Kamanda alikalia kiti cha Mwamikazi. Akatuamuru sisi wazee tuketi.

Tuliketi. Mimi pia, kalamu mkononi.

Yeye alibaki amesimama.

“Mama, ukae basi, tumalize,” kamanda alisema.

“Kiti changu umekikalia wewe.”

Kamanda aliinuka, akakipangusa kile kiti kwa kofia yake.

“Haya, malkia. Nimekipasha moto.”

Mwamikazi alimshukuru kwa adabu, akasema ataketi akishamaliza kufikiri. Askari walicheka, na kamanda akacheka nao. Aliamini miguu ya mama itachoka kabla yake.

Mlango ulikuwa wazi. Wanawake waliopita na ndoo za maji walimwona amesimama, nasi tumeketi. Jambo hilo halikuwahi kuonekana kwetu. Hawakuuliza kitu. Waligeuka, wakarudi majumbani.

Asubuhi ikawa adhuhuri. Vifundo vya miguu yake vilivimba.

Alasiri askari mmoja aliingia, akamnong'oneza kamanda. Nyumba hazikuwa na vijana. Walikuwa wamevuka mto.

Kamanda hakucheka tena.

Askari walimpiga Mwamikazi miguuni kwa vitako vya bunduki.

Aliangukia magoti. Hakuketi.

Walimchukua. Hatukumwona tena, wala hakuna aliyetuonyesha kaburi.

Sasa naishi ng'ambo, katika mji wa Laurel, nyumbani kwa Amani. Anapokea magari ya wageni na kuyaegesha kwenye hoteli moja huko Alexandria, mji usio mbali na kwetu, na husimama zamu nzima. Kila siku nikisikia ufunguo wake mlangoni namshukuru Mungu. Shukrani hiyo haijawahi kuwa nyepesi. Mwanangu yuko hapa, na mtoto wa Mwamikazi alikua bila mama. Sijamwomba Mungu anieleze, nangoja. Ninachomwomba ni msamaha, kwa kuwa niliketi.

Juzi mjukuu wangu, anayeelewa Kiswahili lakini hunijibu kwa Kiingereza, alikuwa na kazi ya shule kuhusu serikali. Aliniuliza malkia wetu aliamua nini siku ile niliyokwisha kumsimulia. Nilimwambia ukweli, kwamba katika daftari niliandika tarehe tu. Kikao hakikufunguliwa, na hakuna lililoamuliwa. Naye mjukuu akaandika kwamba malkia hakuamua kitu.

Ndipo Amani akaingia kutoka kazini. Akatusalimu, akavua viatu, akaketi kati yetu akijikanda miguu. Mtoto alimtazama baba yake, kisha akachukua kifutio.