Nilivyomkata Mtawa wa Bakuli Jeusi

Siku ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kisu. Fundi Mkuu alinipa ndoo ya gundi, brashi na rundo la daftari za risiti, akaniambia nipake migongo mpaka chakula cha mchana. Karakana ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa karibu na Warwick Junction, Durban, Afrika Kusini, na kelele za taxi zilipanda mpaka dirishani. Nilikuwa nimetoka Tanga miezi minne tu, mjane, na binti mmoja wa kulea. Kushona nguo nilijua. Kushona kitabu sikuwahi kusikia.

Fundi Mkuu alikuwa mzee wa mtaa wa Chatsworth, wa wale watu wa huko wanaoitwa Wazanzibari. Kiswahili chake alirithi kwa bibi yake, nusu Kimakua nusu Kizulu, lakini tulielewana.

"Umesoma mpaka wapi, dada?"

"Darasa la nne. Na msahafu nimehitimu."

"Basi kurasa utajua kuhesabu. Inatosha."

Ninyi vijana mkishika kitabu mnaona maneno. Sisi mafundi tunaona mwili. Kitabu kina mgongo, pale kurasa zinaposhikana, na kina ukingo, pale unapofungulia. Kitabu kizuri hushonwa kwa mafungu, uzi unapita katikati ya kila fungu. Kitabu cha haraka hakishonwi: karatasi moja moja zinapangwa, zinabanwa kwenye jiriwa, yaani chuma cha kubania chenye parafujo, mgongo unapakwa gundi, basi. Gundi ikizeeka inakauka kama ukoko wa ugali na karatasi zinamwagika. Hapo ndipo analetewa mtu kama mimi.

Kisu nilipewa mwezi wa tano. Ni mashine yenye mkono mrefu, unashusha kwa mikono miwili, rundo zima linakatika kama siagi. Kila asubuhi kabla ya kukigusa Fundi Mkuu alinisimamisha niseme kwa sauti: "Mgongo kushoto, kisu kulia." Nilisema hivyo miaka saba. Ningeweza kusema usingizini. Hilo lilinilisha, na hilo hilo lilitaka kunitoa kazini.

Fundi Mkuu alipokufa watoto wake waliuza mashine. Nikahamia mtaa wa Overport, kwenye duka la kuazimisha vitabu, hasa vitabu vya katuni. Meneja wa pale alikuwa mwanamke wa Kihindi, mdogo kwangu kwa miaka kumi, mwembamba, miwani kichwani siku zote na siku zote anaitafuta. Aliniita Auntie. Alizungumza Kiingereza tu, nami hapa nampa Kiswahili.

"Auntie, vitabu hivi vinashikwa na watu mia. Kimoja kikipasuka hakipatikani tena. Kazi yako ni kuvizuia visife."

Nilipewa meza chini ya ngazi, taa, jiriwa na kisu kidogo kuliko kile cha kwanza. Kazi niliipenda. Wateja walikuwa wanafunzi, walinzi wa maduka, mafundi simu, Wakongo wengi, Warundi, watu wa kwetu pia. Wanasoma wamesimama, wanacheka peke yao.

Kitabu kilichoshikwa kuliko vyote kilikuwa cha Wajapani: *Mtawa wa Bakuli Jeusi*, juzuu ishirini na mbili. Sikutaka kukigusa. Jalada lilikuwa na mtu mwenye upara, kanzu imemdondoka bega moja, na nyuma yake shetani mwenye meno mpaka kifuani. Nikasema astaghfirullah, nikakisukuma kwa rula. Meneja akacheka.

"Auntie, huyu ndiye anayewakamata."

Basi nikawa nasoma wakati gundi inakauka. Kiingereza changu kilikuwa cha dukani, lakini picha zinajieleza. Yule ni mtawa wa dini ya Budha. Anazunguka vijijini na kengele na bakuli la kuombea chakula. Shetani amejificha kwenye kitana cha bibi harusi, au kisimani, au kwenye kiatu cha mtoto. Mtawa hapigi, hakati. Anakaa chini, anagonga kengele, anamuuliza shetani nani alimkosea kwanza. Shetani akisema ukweli anakuwa mdogo, anaingia bakulini. Akisema uongo anakua. Nikaona huyu mtu ana kazi kama yangu, anakaa na kitu kilichoharibika mpaka kikubali kushikika. Nikaacha kumsukuma kwa rula.

Mpenzi mkubwa wa Mtawa alikuwa kinyozi Mkongo, Baba Pascal, mwenye kibanda mtaa wa pili. Alisoma juzuu moja kwa wiki, na akirudisha alinisimulia mimi kama sijui. Alipofika ya ishirini na moja, Mtawa alikuwa anaingia kwenye hekalu linalowaka moto, na shetani wa mwisho amevaa uso wa mwalimu wake. Baba Pascal akaja mbio kutaka ya ishirini na mbili. Meneja akamwambia iko kwa fundi.

Ilikuwa kwangu kweli, kwenye mfuko wa plastiki, karatasi zote zimeachana, jalada limepasuka. Nakala ilikuwa hiyo moja, na waliokichapa walishaacha.

Sasa sikilizeni kosa langu. Juzuu zilizotangulia nilikuwa nimezibandika karatasi mbili tatu tu, sijawahi kuvunja moja nzima na kuifunga upya. Hii nilipanga karatasi kwa namba, nikaona gundi ya zamani iko upande wa kulia. Nikaguna. Nikasema moyoni, kuna mtu wa kubahatisha alikishika hiki kabla yangu, akaweka mgongo kulia. Nikamsikitikia. Mgongo kushoto, kisu kulia: nikabana, nikapaka gundi kushoto, na ile gundi chafu ya kulia nikaikata yote, upana wa kidole. Kilitoka safi. Nilijisifu. Vipande nikavitia kwenye kiroba cha taka na kesho yake, Jumanne, kiroba kikachukuliwa na mama anayekusanya makaratasi na mkokoteni.

Jumatano Baba Pascal alirudi na kitabu. Hakupiga kelele. Alikiweka mezani kwangu kama mtu anayeweka maiti ya ndege.

"Mama, kitabu hii iko na shida."

"Shida gani? Nimekifunga juzi."

"Umekifunga, ndiyo. Angalia."

Akafungua katikati. Ilikuwa picha kubwa ya kurasa mbili, shetani mmoja mrefu. Kichwa na mkia vilikutana katikati, vimepeana migongo, na kiwiliwili, kinachopaswa kuungana hapo katikati, kilikuwa nusu mwisho wa kulia, nusu mwisho wa kushoto. Na kiwiliwili kimekatwa ukingoni. Na maneno yamekatwa nusu.

"Bajapon banasoma kutoka huku, Mama," akasema, na kidole chake kikaenda kulia kuja kushoto. "Kama Kiarabu. Si wewe ni Mwislamu?"

Nilihisi uso umekuwa wa moto. Mimi niliyeshika msahafu tangu nina miaka sita, nikifungua kutoka kulia kila alfajiri ya maisha yangu! Juzuu zile nyingine nimesoma hivyo hivyo bila kujiuliza. Lakini mkono ulikuwa wa Fundi Mkuu, na mkono haukuuliza macho.

Meneja alikigeuza geuza, akavua miwani kichwani, akaivaa.

"Auntie, seti nzima haina maana bila hiki."

"Najua."

"Ijumaa saa kumi. Kama hakijarudi kilivyokuwa, Jumatatu usije."

Hakuwa mkali. Alisema kama anavyosoma bei. Binti yangu alikuwa mwaka wa mwisho wa shule, na hakuna karakana nyingine Durban iliyokuwa inaniulizia. Nikachukua mtandio wangu nikatoka.

Mama wa mkokoteni nilimkuta Warwick, karibu na robot, yaani taa za barabarani, anakanyaga maboksi yawe bapa. Nikamweleza kwa Kizulu changu cha kuokota, naye akaniita Sisi, yaani dada.

"Hawu, Sisi! Unatafuta taka uliyoitupa mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Vipande vya karatasi, upana huu?"

"Ndiyo."

"Eish. Nyie watu wa vitabu." Akanionyesha rundo kubwa kuliko gari. "Wanunuzi bado hawajapima. Chimba."

Nilichimba. Kiroba changu kilikuwa kimepasuka, vipande vimeingia kwenye maboksi ya samaki na ya viatu. Yule mama aliacha kazi yake akachimba nami, akinitukana kwa upole muda wote. Nilirudi na mfuko umejaa vipande, nikavitoa harufu kwa kuvitandaza dirishani.

Kitabu kilikuwa na karatasi tisini na sita. Kila karatasi ilitaka kipande chake na si cha jirani. Unashika kipande, unatazama mstari mweusi umeishia wapi, nyusi, ncha ya moto, herufi nusu, halafu unatafuta karatasi yenye nusu ya pili. Kiungo chenyewe hakitumii gundi ya dukani, kwa sababu inakunja karatasi. Unapika uji mwepesi wa ngano, unaupoza, unapaka kwa brashi ya nywele chache, unalaza juu yake shashi, ile karatasi laini inayopitisha mwanga, mbele na nyuma. Unabana kwenye jiriwa, unasubiri, unakwenda ya pili. Alhamisi nzima na Ijumaa asubuhi sikuinua shingo. Meneja aliniletea chai mara mbili.

Saa nane mchana Ijumaa nilikuwa na vipande tisini na tano.

Kilichokosekana ni cha karatasi ya mwisho kabisa. Nyuma yake tangazo. Mbele yake Mtawa, ukurasa mzima, bila neno hata moja. Amesimama ndani ya hekalu, moshi miguuni, bakuli mkononi limeinuliwa, na anatazama kulia. Anatazama kitu fulani. Na kulia ndiko nilikokata.

Meneja aliinama juu ya meza.

"Chora moshi, Auntie. Nani atajua?"

Kalamu ilikuwepo na wino ulikuwepo, na mkono wangu si mbaya. Nilikumbuka yule shetani anayekua kila akisema uongo. Sijidai, ndivyo nilivyofikiri.

"Mimi nafunga vitabu. Sivitungi."

"Basi utaniambia nini saa kumi?"

"Kwamba nimerudisha tisini na tano."

Nikabandika ukanda mweupe, mtupu. Halafu nikakifunga kwa njia ngumu: nikapitisha msumeno mdogo mgongoni, mifereji mitano, nikalaza uzi ndani ya gundi. Mgongo kulia. Saa kumi kasoro nikakiweka mbele yake. Alifungua ile picha ya shetani mrefu. Alikuwa ameungana. Akafika mwisho, akautazama ule weupe muda mrefu.

"Sharp, Auntie," akasema. "Jumatatu njoo mapema. Juzuu ya nne nayo inamwagika."

Nilifanya kazi pale miaka kumi na tisa zaidi. Na miaka yote hiyo ule ukanda mweupe haukuniacha. Baba Pascal alikisoma, akaja moja kwa moja.

"Mama, anaangalia nini?"

"Sijui."

"Ulikata bila kuangalia?"

"Nilikata bila kuangalia."

Wateja wakagawanyika. Wengine walisema anatazama mlango, kwa hiyo alitoka hai. Wengine walisema ni mwalimu wake wa kweli. Mlinzi mmoja Mrundi, mlokole, alisema ni malaika, na alikuwa tayari kugombana. Baba Pascal alishikilia mlango. Kila nikipita kibandani kwake, mteja kitini, povu shavuni, aliniinulia wembe: "Mlango, Mama!" Nilicheka, lakini nilikuwa najua nilichowanyima.

Duka lilipofungwa Meneja alinipa seti nzima ya Mtawa, ndani ya boksi la ndizi. Nikastaafu nayo. Mgongo wangu mwenyewe sasa hakuna jiriwa litakalounyoosha, na macho yananilazimu nitumie lenzi. Nikiulizwa nimefanya nini maishani nasema nimezuia vitabu visife, na mjukuu wangu Shamsa, anayefundisha hesabu sekondari, hilo analisema mbele ya walimu wenzake. Mtoto wa binti yangu huyo. Ana digrii mbili. Nawaambia mpate kujua.

Shamsa ndiye aliyewaandikia watu wa ng'ambo wanaokusanya vitabu hivi. Mmoja akapiga picha ukurasa wa mwisho, akautuma. Shamsa akanipa simu. Nikaweka lenzi.

Ulikuwa ukuta. Mbao nne za ukuta na msumari mmoja. Hakuna mlango, hakuna mwalimu, hakuna malaika.

Nilimwambia auchapishe kwenye karatasi, kwa kipimo kile kile. Nikapika uji wa ngano. Nikakata upana wa kidole, nikautoa ule mweupe, nikabandika ukuta, nikalaza shashi, nikabana. Kisha nikapanda taxi mpaka Overport, kwa Baba Pascal. Ndevu zake zimekuwa nyeupe na bado ananyoa watu.

Alifuta mikono, akafungua mwisho. Alitazama mpaka mteja wake akaanza kukohoa.

"Ukuta."

"Ukuta."

"Miaka yote ile, Mama?"

"Miaka yote."

Akakifunga polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kama inavyotakiwa.

"Bora ungechora mlango."

Nikamwambia hapana. Palikuwa na ukuta.