Bamba la Pesamino

Pale machimboni, nje kidogo ya Apia, mji mkuu wa Samoa, ilikuwa vigumu kumsifu Pesamino, kwa sababu hakuwahi kumaliza kujisifu mwenyewe ili wengine wapate nafasi. Alikuwa fundi wa mashine ya kuponda mawe. Aliipenda yote isipokuwa kitu kimoja: bamba la chuma lililokaa nyuma ya taya linalotafuna mawe. Waliounda mashine walilifanya dhaifu makusudi. Kikiingia kitu kisichopondeka, bamba huvunjika, taya hulegea, na mashine nzima husalimika. Fundi hufunga bamba jingine, kazi ikaendelea.

Pesamino aliyajua hayo vizuri. Ila kila bamba lilipovunjika, aliona ni yeye aliyevunjika. Tena wakati huo ukoo wao ulikuwa unatafuta matai mpya, na kiti hicho cha ukuu yeye alikwisha kukikalia moyoni.

Basi akatafuta kipande kinene cha chuma kutoka kwenye meli kuukuu, akakikata kwa kipimo cha bamba, akakifunga nyuma ya taya. Wiki zikapita bila kitu kuvunjika. Mashine ilinguruma, ikatetemeka, nati zikalegea, lakini bamba lilitulia kama shemasi wakati wa mahubiri.

"Fundi, siku hizi hii mashine inalia vibaya," alisema Ioapo, dereva wa katapila.

"Inaimba. Wewe umezoea kuisikia ikiugua."

Ukoo ulikuwa umeahidi kokoto za msingi wa kanisa jipya, na Pesamino akaona hapo ndipo pa kung'aa. Akawaalika jamaa zake waje kuziona zikipondwa. Alikuja shangazi Faasulu, ambaye neno lake ukoo mzima ulilisubiri, amebeba mwavuli na kiti chake mwenyewe. Pesamino alivaa lavalava mpya ya sherehe, nguo ya kujifunga kiunoni ambayo fundi mwenye akili asingeikaribisha karibu na grisi.

"Shangazi!" alipaza sauti. "Mikononi mwangu hakuna kinachovunjika!"

"Tunaona, mwanangu. Punguza makelele."

"Ni ya mashine hayo, shangazi!"

"Nasema yako."

Mara Ioapo akaruka kutoka kwenye katapila. "Simamisha! Kijiko changu kimeng'oka jino, limeingia na mawe!"

Jamaa wote wakamgeukia Pesamino. Swichi ilikuwa karibu na mkono wake. Lakini kuzima mashine mbele ya shangazi? Akainua kidevu.

"Acha lije! Litapondwa!"

Jino la chuma halikupondwa. Taya lilijaribu, likajaribu tena, na kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na kitu kilichokubali kushindwa, shafti ikakatika, fremu ikapasuka toka juu hadi chini, na gurudumu kubwa likabingirika mpaka kwenye gari la msimamizi. Jamaa wakalala kifudifudi. Shangazi Faasulu pekee hakuinuka kitini.

Vumbi lilipotua, Pesamino akaibuka kutoka kwenye mabaki, amelikumbatia bamba lake kama mtoto aliyeokolewa motoni.

"Tazameni! Halina hata mkwaruzo!"

"Hongera, fundi," alisema Ioapo. "Mgonjwa amekufa, dawa imepona."

Shangazi akafunga mwavuli. "Umetuonyesha vizuri, Pesamino. Tukikukabidhi ukoo, siku ya taabu tutakatika sisi sote, wewe utoke mzima."

"Lakini shangazi, chuma hiki..."

"Basi uwe matai wa hicho chuma."

Cheo kilikwenda kwa binamu yake Tovia, mkulima wa talo, yaani magimbi, ambaye hajawahi kutengeneza hata baiskeli. Kokoto za kanisa zilipondwa kwa nyundo, na nyundo ya kwanza alikabidhiwa Pesamino.

Siku hizi, Jumapili, wakuu wakiwa wamekaa ndani wakingoja chakula, yeye yuko nje kwenye moshi wa tanuri la mawe pamoja na wasio na vyeo. Bamba lake hugandamiza majani ya migomba yaliyofunika talo. Mtu akiliulizia, Pesamino huziacha talo ziungue, apate kueleza kwa kirefu kwamba halijavunjika hadi leo.