Niliwaita Wote Mjini, Baba Akabaki na Ndege

Admin, jina langu usilitoe tafadhali, maana watu wa kwetu wengi wako humu. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, fundi ujenzi, naishi Makole, Dodoma mjini, na mke wangu na watoto watatu. Kwetu ni kijijini, hapa hapa mkoa wa Dodoma, na tunalima uwele.

Kama hujawahi kulima uwele huwezi kujua adha ya ndege. Ukianza kukomaa wanashuka kwa maelfu, wadogo tu, lakini siku mbili shamba wamelimaliza. Ndiyo maana tulikuwa tunawafukuza kwa pamoja. Kila familia inapanda kwenye dungu lake, kile kichanja cha miti cha kulindia shamba, na teo la kurushia mawe mkononi, halafu tunaitana. Unataja jina la jirani, anaitika, naye anamwita wa mbele yake. Hapo hakuna wa kusinzia, na ndege hawapati pa kutua.

Miaka miwili mfululizo mvua ikakata katikati ya msimu. Akufukuzaye hakwambii toka, nikaondoka. Nilipopata kazi mjini kiherehere kikaniingia. Kila saiti mpya nampigia mtu wa kwetu, "Njoo bwana, unafia nini huko?" Wakaja, na wake zao. Nilijiona mkombozi kweli! Sikuwaza kwamba mashamba yao yakilala, ndege wote watahamia kwa aliyebaki. Na aliyebaki ni baba yangu, mjane, mzee wa miaka zaidi ya sabini.

Nimemsihi aje tuishi naye. Ananijibu, "Mjini nikafukuze nini, magari?" Tunacheka, yanaisha.

Mwezi wa tano nikaenda bila kumwambia. Nilifika jioni, jua bado lipo, nikaweka mfuko wa unga mlangoni nikamfuata shambani. Masuke yote yalikuwa matupu, yameliwa zamani. Baba yuko juu ya dungu, amenipa mgongo, anaita majirani. Anataja jina, ananyamaza kumsubiri aitike, anakwenda kwa mwingine. Jamani! Wote hao niliwaondoa mimi, wawili napiga nao lipu saiti moja.

Halafu akaniita mimi, kwa jina langu la utotoni. Nilikuwa hatua kumi nyuma yake. Sikuitika. Niliona aibu, na Mungu ananiona, niliogopa. Nikarudi kinyumenyume mpaka kwa bodaboda aliyenileta, nikamwambia twende.

Mke wangu hataki kurudi kijijini, watoto wanasoma, simlaumu. Kumbeba baba kwa nguvu naona kama kumuua. Usingizi umenipotea.

Jumapili iliyofuata baba akapiga simu. "Unga nimeupata, asante. Ila siku ile nilikuita, mwanangu." Akanyamaza, ananisubiri. Nikakata simu. Tangu hapo hajapiga tena, wala mimi sijapiga.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, lakini mnishauri pia. Nikienda sasa, naanzia wapi kuitika?