Siku Zuhurah Alipoacha Simu Nje

Zuhurah, jirani yangu hapa Koboko, hawezi kuona jambo tamu akaliacha lipite bila kulirekodi. Harusi, arobaini ya mtoto, mbuzi anayetafuna kofia ya mgeni, yote yamo ndani ya simu yake. Hata mimi amenirekodi nikigombana na muuza samaki, na kichwani sijafunga kitambaa. Shenzi kabisa! Lakini nampenda.

Basi kikundi chetu cha akina mama kilipompeleka Arua kufundishwa uangalizi wa uchaguzi, mtaa mzima ulicheka. Alirudi na sharti la kumtesa yeye hasa: mwangalizi haingii kituoni na simu, kamera wala kifaa chochote cha kurekodi. Akikamatwa anarekodi, ananyang'anywa kitambulisho, na kikundi kizima kinaondolewa siku hiyohiyo. Na sisi wanawake wa Kinubi, kila uchaguzi kazi yetu ilikuwa kuwapikia mawakala wa wagombea chai. Ndiyo kwanza mmoja wetu anapewa kiti! Wahabu, mume wake, akasema mbele ya watu, "Huyu? Saa nne hafiki." Nilitamani kumpiga kiatu.

Siku ya kura Zuhurah alivaa gurbaba ya kijani, vazi letu la sherehe, kitambulisho shingoni. Akaja kwenye mstari wetu wa wapiga kura, akamkabidhi simu mama mkwe wake, Hawah, ambaye sote tunamwita Haboba, yaani bibi.

"Shika kabisa, Mama. Hata mimi nikilia, usinipe."

"Lia tu," Haboba akasema, akaifunga kwenye pindo la nguo. "Mimi iko hapa."

Kumbe Mungu naye alitaka kumjaribu. Upepo ulikuja ukalinyanyua beseni tupu ambamo watu hutilia alama karatasi zao za kura, likabingirika uwanjani, na askari Abiriga nyuma yake, anakimbia na buti moja, la pili limemvuka njiani. Weee! Watu tulishika mbavu. Zuhurah aliikalia mikono yake. Naapa, aliikalia!

Saa kumi upigaji kura ukafungwa, hesabu ikaanza. Mwalimu Adriko, mkuu wa kituo, akawa anainua karatasi mojamoja sote tuone. Kila jina likitajwa, huku vigelegele, kule miluzi. Ghafla wakala mmoja akaruka juu.

"Huyu mama narekodi! Tazama mikono!"

Nikageuka kutazama. Kweli, Zuhurah alikuwa ameinua mikono yote miwili mbele ya uso, kafumba jicho moja, anaifuata karatasi polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Nikajua tumekwisha, tunarudi kwenye chai.

Adriko akasimamisha hesabu. "Mama, iko na nini mukononi?"

Zuhurah akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Mitupu! Hata yeye hakujua imepanda saa ngapi. Akaigeuza huku na huku. "Haiko kitu, mwalimu. Ni mazoea tu."

Uwanja ulilipuka. Wakala mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa. "Endelea, Mama," Adriko akasema akifuta machozi. "Sharti nakataza simu. Mikono hapana."

Hesabu ikaisha, matokeo yakabandikwa, na kitambulisho bado kiko shingoni. Furaha ikanipanda kichwani. Nikanyakua jerikeni, nikaanza kupiga doluka, ngoma yetu ya harusi. Na nani akaingia katikati? Haboba! Tangu azikwe mzee wake, Haboba alikuwa hachezi, harusini anakaa mkekani, anakula, anarudi nyumbani. Sasa mabega yanatikisika, miguu inachimba vumbi, uso unawaka. Akacheza mpaka kwenye kamba iliyozunguka kituo, akafungua pindo, akanyoosha ile simu.

"Shika, binti yangu. Rekodi."

Zuhurah alikuwa analia na kucheka pamoja. Mkono ulitoka, ukarudi. "Hapana, Mama. Sanduku bado iko hapa. Mimi sijamaliza kazi."

Haboba akapiga kigelegele ambacho nadhani hata watu wa Dranya, kule mbali, walikisikia, akazidi kucheza.

Gari lilipoondoka na sanduku, Zuhurah alipita chini ya kamba mbio. "Mama, cheza tena! Mara moja tu!"

Haboba alikuwa ameshakaa chini, anasugua magoti. "Magoti imekwisha. Na ile simu mimi najaribu wewe tu: ungeshika, mimi ningerudi kukaa palepale."

Zuhurah akamwangukia begani, akalia kweli. Nami niliyekuwa nimejiandaa kumcheka nikajikuta nalia juu ya jerikeni, mjinga mimi. Mpaka leo hana hata picha moja ya ngoma ile. Ukimuuliza ilikuwaje, hana budi kusimama aicheze mwenyewe.