Skrubu Juu ya Tangi

Asubuhi moja nilitoka Kinango bila kumuaga mtu wala kujua naelekea wapi. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, mahindi yalikuwa yamekauka, na nilikuwa nimechoka kungoja maji. Mchana nilifika Ukunda, nikasikia mdundo unaotikisa mabati ya vibanda. Niliufuata hadi karakana moja, nikamkuta mwanamume ameingiza kichwa ndani ya buti la gari.

"Kitu gani hicho kinachonguruma?" nikamuuliza.

Akanipa msasa. "Sugua hiyo mbao, utajua."

Ndiyo iliyokuwa siku yangu ya kwanza kazini.

Huyo alikuwa Fundi Mkuu, mtu wa Bongwe, na alinifunza vizuri. Kasha la woofa, yaani spika ya sauti nzito, hujengwa kwa mbao za unga wa miti ulioshindiliwa kwa sababu hazitetemeki ovyo. Viungo hupakwa gundi, kisha silikoni. Spika ikipiga, tulikuwa tukipitisha udi unaofuka kando ya viungo. Moshi ukiyumba, hapo hewa inavuja, na kazi inarudiwa.

Fundi Mkuu aliugua akarudi kwao. Karakana ikachukuliwa na bosi mpya, kijana wa bara, ambaye kwake udi ulikuwa uganga. Hilo nililimeza. Lililonishinda ni namna alivyofunga makasha.

Kasha lisipofungwa imara, gari likishika breki ghafla linawarukia abiria migongoni. Bosi alikuwa na njia ya mkato: skrubu ndefu, moja kwa moja kwenye sakafu ya buti. Siku moja Dereva Bakari akaleta teksi yake. Jioni alikuwa ampeleke bibi arusi na shangazi zake Mwabungo. Niliinama chini ya gari kama nilivyofunzwa. Kati ya sakafu na tangi la petroli palikuwa na nafasi ya kiganja tu.

"Bosi, hapa hapatobolewi. Nitakata vyuma vya pembe, nivishikize kwenye bolti za kiti cha nyuma."

"Mpaka saa ngapi?"

"Alasiri."

"Zii! Kuna magari yanangoja, bana. Toboa."

Nikamgeukia mwenye gari.

"Ndugu yangu, fanya anavyotaka bosi," akasema Bakari. "Mimi nataka mdundo. Wale shangazi wakinicheka, aibu utaibeba wewe?"

Hasira zilinipanda. Nilijilaza chini ya gari, nikapenyeza kiganja juu ya tangi.

"Haya, toboa! Anza na mkono wangu!"

Bosi akaiwasha drili, akaizima. "Kwani umerogwa?"

"Sijarogwa. Toboa!"

Muuza mihogo alikuja mbio akiuliza kama nimegongwa. Bosi akaitupa drili. "Funga unavyotaka. Lakini kesho nisikuone hapa."

Nilifunga. Mdundo ulipiga safi. Bakari akamshika bosi mkono, "Ahsante, bosi, kazi nzuri," akaondoka bila kunitazama.

Sasa nimestaafu, na nyinyi vijana mnaniambia nisahau. Nisahau vipi? Hadi leo naona makasha yaliyopigwa skrubu vivyo hivyo, yamefunikwa zulia jeusi, na mwenye gari anasifu zulia! Kuinama chini ya gari kabla ya kushika drili kuna ugumu gani?

Jioni ile nilichukua msumeno na bisibisi zangu, nikaelekea kusini, nikashuka Msambweni nisikomjua mtu. Nilielekezwa kwa mama mmoja mwenye chumba cha kupangisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafanya kazi gani?"

"Nafunga spika kwenye magari."

"Na ulikotoka, umefukuzwa?"

Nilimweleza yote, sauti ikipanda mpaka jirani akachungulia dirishani. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Na hao shangazi watafika arusini?"

"Watafika, inshallah."

"Wazima?"

"Wazima."

"Sasa mbona kelele wanipigia mimi?" akasema, akanipa ufunguo.