Herufi za Njano

Juzi, nilipokuwa nikisubiri zamu yangu kwenye sekretaria moja ya kuchapa hati hapa Rumonge, mwalimu ambaye macho yake yanafifia alikuwa akihangaika mbele ya kompyuta. Alitaka kumaliza kuandika programu ya kujumlisha alama za wanafunzi, lakini maandishi yalikuwa ya kijivu kwenye skrini nyeusi. Binti yake alibadilisha rangi kwenye mipangilio, akafunga, akafungua. Kijivu kilekile.

"Papa, tulia kidogo."

"Nitatuliaje? Sioni kitu."

Alisimama, akaketi, akasimama tena. Mwishowe binti akagundua kwamba mstari wa chini kwenye mipangilio ulikuwa unairudisha rangi ya zamani. Akaufuta. Herufi zikawa za njano.

Mwalimu akasogea, akasoma. Nilidhani atamshukuru binti, aseme murakoze.

"Iko makosa mengi hapa," akasema.

Sijawahi kuona mtu akiyafurahia makosa yake namna ile.