Chachu Iliyomwagiwa Uji wa Moto

Siku ile tulikuwa watatu uani kwetu Kaole: mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu, na shangazi yetu, dada yake marehemu baba. Wa nne ni chungu. Shangazi alikihesabu kama mtu, kwa kuwa togwa iliyokuwamo ilitokana na ile aliyoiacha mama. Kila nilipopika nilibakiza kikombe kimoja kiwe chachu ya togwa inayofuata. Niliacha shule darasa la sita nikaishika kazi hiyo ya kupika na kuuza togwa, tukala, mdogo wangu akasoma.

Mchana ule nilikosea. Uji ulikuwa bado wa moto, kidole hakivumilii, nami nikaumimina wote juu ya chachu. Sikuwa nimeweka akiba hata kijiko.

"Umewachemsha waliomo," shangazi akasema. "Mama yako kafa mara ya pili."

"Hebu, shangazi, na wewe."

Tukainama juu ya chungu. Kawaida hutoa povu na kijisauti. Kilikuwa kimya. Nikaweka nadhiri kimoyomoyo: ikiamka, nitafunga siku tatu.

Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, chachu ilikaa wapi tangu asubuhi?"

"Karibu na jiko."

"Basi huenda waliomo wangali hai. Bakteria wakionja joto dogo kwanza, hujiandaa. Ndani yao hutoka vipande vifupi vya RNA. Havijengi protini yoyote. Kazi ya vipande hivyo ni kuyashika maagizo mengine: hili lisisomwe, lile litunzwe. Joto kali likija, linawakuta wamejipanga."

"Umewaona hawa wetu?"

"Hawa sijawapima. Nimesoma habari za wengine."

"Chuo chote hicho," shangazi akasema, "kumbe unasomea majini."

"Majini hayaonekani kwa hadubini, shangazi."

"Na hayo maagizo, unayaona?"

Mdogo wangu akacheka, kisha akakifunika chungu.

Kesho yake, baada ya alasiri, wao walikwenda Kerege kwenye msiba. Upepo ulikuwa umekata, hata kuku hawakulia. Nikasikia mtu anameza mate nyuma yangu. Nikageuka. Kifuniko cha chungu kilikuwa kimeinuka upande mmoja, povu jeupe likitoka taratibu, na harufu ilikuwa ileile ya kanga za mama.

"Shikamoo," nikasema. Nikajikuta nimesimama pale, nangoja kuitikiwa.

Togwa ile niliiuza, nikabakiza vikombe viwili badala ya kimoja. Nimekwisha kufunga siku mbili. Siku zote mbili chungu kilinyamaza kutwa, kikaanza tena nilipofuturu. Mdogo wangu anasema ni baridi ya masika. Shangazi huniuliza ya tatu lini. Nadhiri ni deni, najua, wala silikatai. Kila nikilala na nia, asubuhi naamka nakwenda kwanza kusikiliza chunguni, kisha, nisije nikakinyamazisha, nakunywa chai. Siku moja bado nadaiwa.